Taa Nyekundu Kwenye Kona ya Miwati

Khombindlela, Nkandla
18 Februari 1996

Baba Mdogo wangu Mphikeleli,

Makhedama wa ukoo wetu, pokea salamu za mlimani. Sisi tupo, tunapumua. Mama anakusalimu sana. Miguu inamvimba na kila Jumanne nampeleka zahanati kule bondeni, lakini mdomo wake ni mzima kabisa: jana amemshushia jirani maneno mazito kwa sababu ya kuku mmoja. Bado amevaa nguo nyeusi za ujane na anahesabu miezi. Anasema Julai ikiisha hazivai hata siku moja zaidi, na wewe ndiye mdogo wa marehemu, bila wewe hazivuliki. Kwa hiyo omba ruhusa kazini mapema, usituletee visingizio. Mahindi yamebeba. Magimbi tumechimba juzi, ungekuwepo ungekula ukashindwa kuinama.

Mimi bado nina darasa la tatu, watoto hamsini na wawili, na sauti imebaki nusu. Nashuka na pikapu ya baba kila asubuhi, na mwalimu Thandekile anakaa kando yangu. Nakushukuru tena kwa siku ile baada ya mazishi uliyoshinda chini ya gari peke yako ukilitengeneza, hukutoka hata kula nyama. Watu waliona ajabu, mimi nikasema huyo ndiye fundi.

Sasa nije kwenye jambo langu. Kuna taa nyekundu kwenye dashibodi, duara lenye alama ya mshangao katikati. Gwala, yule anayenyoosha mabati, ananiambia ni taa ya breki. Inawaka nikiwa nateremka, nikifika kwenye kona yenye ile miti ya miwati. Unajua kona ninayosema. Nikiupita ule mti uliochubuka gome siku ya ajali ya baba, inazima. Haiwaki mahali pengine popote, si mlimani, si shuleni, si njiani kurudi. Mwanzoni nilidhani ni jua linapiga kwenye kioo. Lakini Alhamisi kulikuwa na ukungu, hatukuona hata boneti, na taa iliwaka mpaka ikapaka vidole vyangu rangi.

Wewe breki ndiyo kazi yako. Niambie ni nini, na nifanye nini.

Mwanao,
Zibuyile

*

Germiston
10 Machi 1996

Binti yangu Zibuyile,

Barua yako imenikuta mzima, nashukuru. Kazi zipo nyingi. Bosi ameleta mashine mpya ya kunyanyulia magari na hakuna anayeijua ila mimi, basi naitwa huku, naitwa kule, utadhani mkunga. Msalimie shemeji MaKhoza, mwambie huyo kuku wa jirani mimi ningemla kimyakimya pasingekuwa na ugomvi. Chumbani kwangu paa linavuja, nimeweka sufuria, na sufuria nayo inavuja.

Kuhusu taa, usijipe presha. Ile taa inawashwa na mambo mawili. La kwanza ni handbreki: ukiiacha imepanda hata kidogo, taa inawaka. La pili ni mafuta ya breki. Chini ya boneti, upande wa dereva, kuna kikopo cheupe cha plastiki, na ndani yake kuna boya dogo. Mafuta yakipungua boya linashuka, taa inawaka. Ukiwa unateremka, pua ya gari inaangalia chini, mafuta yanakimbilia mbele, boya linadanganyika. Pale kwenye kona ndipo mteremko ulipo mkali kuliko kwingine. Ni hivyo tu.

Nunua chupa ndogo ya mafuta ya breki, ujaze mpaka kwenye mstari. Pedi za breki nilizibadilisha mwenyewe mwaka jana, zile za mbele. Taa itazima na wewe utalala.

Teremka na gia ya pili. Usisahau hilo, hata kama Thandekile anachelewa kengele.

Habari za Julai nitaangalia. Ruhusa hapa ni ngumu.

Baba yako mdogo,
Mphikeleli

*

Khombindlela
2 Aprili 1996

Baba Mdogo,

Salamu tele. Pasaka imekaribia na mama ameshaanza kukanda mkate wa mvuke kichwani mwake, maana kila mgeni anayepita anaelezwa utakavyokuwa. Ng'ombe mmoja, yule mwenye pembe iliyoinama, amezaa ndama dume. Mama amempa jina lako, kwa sababu, anasema, naye huyu tunamwona mgongo tu.

Mafuta nimeweka. Gwala alishika tochi, mimi nikamimina mpaka kwenye mstari. Handbreki nimeishusha mpaka mwisho. Kesho yake nikashuka na gia ya pili kama ulivyosema, na kwenye kona taa ikawaka. Nikamwambia Thandekile, "Umeona? Ndiyo hiyo."

Akauliza, "Nini?"

"Taa. Hiyo nyekundu hapo."

Akainama mpaka pua ikakaribia usukani. "Taa gani, Zibu? Mimi naona vumbi. Wewe macho yako yamechoka kusahihisha madaftari."

Na mimi bado ninaiona, Baba Mdogo, inawaka mbele ya pua yake! Tulipoupita ule mti ikazima. Sikusema tena. Watu wa shule wana midomo, wataanza kusema mwalimu wa darasa la tatu anahitaji kupumzishwa.

Halafu magurudumu ya mbele yameanza kulia nikikanyaga breki, mlio mwembamba unaokwaruza meno. Gwala amekanyaga mara mbili, anasema breki zinashika, hakuna shida, vumbi tu. Lakini Gwala ni mtu wa mabati.

Mama nimemweleza jana. Alikuwa anamenya magimbi. Alimaliza beseni zima, kisha akasema, "Mwulize baba yako mdogo kama alimchukua vizuri." Nikamwuliza ana maana gani, akasema, "Mwulize hivyohivyo, atajua." Basi na mimi nakuuliza hivyohivyo.

Zibuyile

*

Germiston
21 Aprili 1996

Zibuyile,

Natumaini mmesherehekea Pasaka vizuri. Mimi nilifanya kazi.

Nijibu maswali haya, bila kuongeza wala kupunguza. Taa unayoiona iko upande gani, kushoto kwa saa ya mwendo au kulia? Na asubuhi, unapozungusha ufunguo nusu, kabla injini haijanguruma, taa zinawaka zote, ya betri, ya oili. Je, na hiyo ya breki inawaka pamoja nazo? Usikisie. Kaa ndani ya gari, zungusha ufunguo taratibu, angalia.

Huo mlio usiupuuze. Nitatafuta pedi nikutumie. Ukiweza kupanda gari za watu kwa sasa, panda.

Shemeji mwambie kila kitu kilifanyika kama kinavyotakiwa.

Mphikeleli

*

Khombindlela
6 Mei 1996

Baba Mdogo Makhedama,

Tuna baridi huku, maji kwenye ndoo yanaganda juu asubuhi. Ndama Mphikeleli anaendelea vizuri na ni mkorofi.

Nimefanya ulivyoniambia, siku tatu mfululizo. Nazungusha ufunguo nusu. Ya betri inawaka. Ya oili inawaka. Ya breki haiwaki, pale mahali pake ni peusi kama jicho lililofumba. Nikiwasha injini zile mbili zinazima, na hiyo inabaki hivyohivyo. Halafu nikifika kwenye kona inawaka. Iko kushoto kwa saa ya mwendo.

Nimemuuliza Gwala maana yake nini, akakuna kichwa, akasema hata yeye hajui, labda waya unagusana. Wewe unajua. Nimeona kwenye barua yako kwamba unajua, maana hukutania hata mara moja.

Mama hakuridhika na jibu lako. Anasema hivi. Mwaka jana ulipokwenda kwenye kona na tawi la mlahlankosi, mti wa miiba unaobeba roho ya marehemu, kumchukua baba, uliwazuia wazee wasikufuate, ukawaambia wangoje juu barabarani. Wakakuona mgongo tu. Ukasimama muda mrefu, ukarudi na tawi, ukapanda gari, na kwa kuwa anayembeba marehemu haongei na mtu mpaka afike nyumbani, hakuna aliyekuuliza neno. Tawi likawekwa ndani pahala pa wazee wetu. Kesho yake mbuzi alipopewa majani ya tawi aliyanusa akageuza kichwa. Mama aliliona hilo na akalimeza kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu. Sasa anasema mume wake hajafika. Anasema nyumba anaisikia tupu.

Sijui mimi niamini nini. Najua tu kwamba kila asubuhi nateremka mlima ule nikiwa na roho mkononi, na hakuna gari la watu la kupanda hapa kwetu saa kumi na mbili, wewe mwenyewe umezaliwa hapa. Pedi sijaziona.

Nakuomba unijibu upesi.

Zibuyile

*

Khombindlela
17 Juni 1996

Baba Mdogo,

Wiki sita. Unaumwa? Umefukuzwa kazi? Mwana wa kwa Sithole aliyerudi kutoka huko anasema alikuona Jumamosi, mzima, umekaa nje ya chumba chako umeshika kikopo cha ugoro, na alipokusalimia kwa jina hukuitika.

Mama yuko salama. Mlio umeacha. Sasa ni kama mtu anayesaga mawe, na pedali inashuka chini kuliko zamani. Taa bado ni ileile, ila inaanza kuwaka mapema zaidi, kabla ya kona.

Nimekasirika na wewe. Naandika hivyo ili ujue.

Zibuyile

*

Germiston
8 Julai 1996

Zibuyile mwanangu,

Salamu zitangoja. Usiliendeshe hilo gari. Ukiisoma barua hii ukiwa umesimama nalo mahali, liache hapohapo, weka jiwe kwenye gurudumu, rudi kwa miguu. Nimepiga simu dukani kwa Bhengu mara nne, watu wa simu wanasema nyaya zimeibwa. Pedi nimezinunua na nimezituma leo kwa basi, na barua hii naiweka posta nikijua mwendo wake, na inanitia uchungu.

Umeandika kwamba mlio umegeuka kuwa kusaga. Pedi zimekwisha. Sasa ni chuma juu ya chuma, na siku yoyote hapatakuwa na kitu cha kukanyaga. Zilikuwa za bei ya chini, nilizinunua kwa haraka wiki ya mazishi, nikasema zitakufikisha mpaka Krismasi nitakapokuja. Krismasi sikuja.

Sasa hii taa. Zibuyile, haiwezi kuwaka. Pale unapoiona hapana balbu. Balbu ninayo mimi, iko hapa mezani ninapoandika, ndani ya kikopo changu cha ugoro.

Ilikuwa Krismasi ya mwaka ule kabla ya ajali. Baba yako alinifuata uani, nyama ikiwa motoni, akasema, "Mphike, kuna taa nyekundu inanikodolea macho kila nikiteremka. Hebu iangalie." Nikaangalia. Pedi zilikuwa zimebaki nyembamba kama ukucha, na mafuta ya breki yameshuka kwa sababu hiyo. Zilitakiwa zibadilishwe siku ileile, na dukani kulikuwa kumefungwa kwa sikukuu, na vijana wenzangu walikuwa wananiita kwenye pombe. Nikajisemea nitazituma Januari. Nikaingiza mkono nyuma ya dashibodi nikaichomoa balbu, nikamwambia, "Tayari kaka, ilikuwa waya tu." Akacheka, akanipiga bega, akasema ana bahati kuwa na fundi nyumbani. Januari sikutuma. Februari nikasahau. Julai mkanipigia simu.

Watu wakasema ng'ombe walivuka. Wakasema ukungu. Nikawaacha waseme. Nilipoingia chini ya gari siku ile niliona mwenyewe jinsi diski za breki zilivyochimbika, na nilishinda huko chini kwa sababu sikutaka mtu aone uso wangu. Balbu ilikuwa mfukoni. Nilitaka kuirudisha, mkono ukakataa.

Na lile analouliza mama yako, jibu ni hapana. Nilisimama kwenye kona na tawi. Ilinipasa nimwite kwa majina yake, nimwambie kaka, nimekuja kukuchukua, twende nyumbani. Mdomo ulifunguka pasitoke kitu. Ningemwitaje bila kumwambia kwanza? Nikageuka, nikarudi na tawi tupu, na ile kanuni ya kutosema ikanificha mpaka mlangoni. Nyinyi mkalipokea kwa heshima. Niliwaona mkililaza kwenye mkeka.

Sasa unaniandikia taa inawaka. Machi nilikujibu habari za boya kwa sababu sikutaka kuamini. Tangu barua yako ya Mei sijalala vizuri. Kila jioni naifungua hii balbu niangalie kama bado ipo. Ipo. Sijaijaribu kwenye betri hata siku moja. Najiambia labda ilikuwa ishaungua, labda hata ningeiacha isingemsaidia. Naogopa kujua.

Usiliendeshe gari, mwanangu. Kuhusu mimi mtaamua mnavyotaka.

Mphikeleli

*

Khombindlela
10 Julai 1996

Baba Mdogo,

Bado hujajibu, na mimi nakuandikia tena kwa sababu sina mwingine wa kumwuliza.

Jana, Jumanne, nilikuwa nampeleka mama zahanati. Shule zimefungwa, tulikuwa wawili tu. Jua lilikuwa limetoka, hapakuwa na ukungu hata kidogo. Tulipotoka tu getini kwetu, kwenye tambarare, hata mteremko bado, taa ikawaka. Haijawahi kuwaka hapo. Na haikuwa ile ya siku zote, ilikuwa kali, mpaka kitambaa cheupe alichofunika mama magotini kikawa chekundu.

Nilimtazama mama nione. Mama macho yake ni mabovu, haoni hata sindano, lakini alinyoosha kidole akagusa kioo cha dashibodi mara mbili, tok tok, kama baba alivyokuwa akifanya. Akasema taratibu, akimtaja baba kwa jina, "Tumesikia, Mandlakayise. Tumesikia, baba." Kisha akanigeukia. "Simamisha gari."

"Mama, tutachelewa foleni."

"Nimesema simamisha! Foleni ya zahanati inangoja. Foleni ya makaburini haingoji."

Nikakanyaga. Pedali ikashuka nusu, ikashika kidogo, ikaachia. Nikaweka gia ya kwanza, nikavuta handbreki, gari likasota likaegemea kichuguu cha Sithole, hatua thelathini tu kabla ya mteremko kuanza. Nilitoka nikaweka jiwe kwenye gurudumu. Mama alikaa palepale mikono magotini, taa ikimwangaza, mpaka alipofungua mlango kushuka, ndipo ikazima.

Gwala alikuja na vifaa vyake. Alipokanyaga yeye, pedali ilikwenda mpaka sakafuni. Akatoa gurudumu akanionyesha: hakuna pedi, mabati matupu, na bomba la mafuta ya breki limepasuka. Alisema, "Mwalimu, mngefika kwenye kona, leo tungekuwa tunatafuta majeneza mawili."

Nikamwambia afungue dashibodi, nataka kuiona hiyo taa. Akafungua. Akaniita. Pale pa taa ya breki, Baba Mdogo, pana tundu tupu. Ndani kuna buibui na utando wake wa zamani, umejaa vumbi. Gwala alifunga upesi, akakusanya vifaa, na hakutaka hata chai.

Wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuifungua dashibodi ile. Nani aliitoa balbu?

Zibuyile

*

Khombindlela
19 Julai 1996

Baba Mdogo,

Barua yako ya tarehe nane na yangu ya tarehe kumi zimepishana njiani. Pedi zimefika, Gwala amezifunga, na bomba amebadilisha.

Barua yako nimemsomea mama yote. Aliniambia nirudie pale pa Krismasi. Nikarudia. Akaenda nje, akakaa na ng'ombe mpaka jua likazama. Mimi siwezi kukueleza ninavyojisikia, ningekueleza karatasi ingechanika. Ulikaa kwenye kiti chake siku ya mazishi. Nilikupikia.

Julai haiwezekani tena, basi Jumamosi ya tarehe 24 Agosti mama anavua nguo nyeusi na baba anakuja nyumbani. Utakuja. Tawi utalikata mwenyewe. Safari hii wazee watasimama mahali unapoweza kusikiwa, na utamweleza kaka yako yote uliyoniandikia, kwa sauti, kabla hujamwita. Balbu uje nayo.

Zibuyile

*

Khombindlela
8 Septemba 1996

Baba Mdogo Makhedama,

Natumaini ulifika salama na paa lako limezibwa. Huku mvua ya kwanza imenyesha, nyepesi. Mama anakusalimu. Ndiyo, amesema hivyo mwenyewe, "Msalimie," bila kuongeza kitu, nami nakufikishia hivyohivyo. Amevaa gauni la kijani na anatembea nalo mpaka kwa jirani bila shughuli yoyote, aonekane tu. Bado anaamka usiku na kulia. Ndama wako amebadilishwa jina: sasa anaitwa Gwala.

Siku ile hatukuweza kuongea, na kesho yake ulipanda basi alfajiri, kwa hiyo naandika. Uliposimama chini ya ule mti ukaanza kusema, wazee waliinamisha vichwa. Mzee Sithole alikuambia, "Sema kwa nguvu, mwanangu, yuko mbali kidogo," na ukasema kwa nguvu. Nilikusikia mpaka pale pa kupigwa bega, kisha nikaziba masikio. Ulipomwita kwa majina yake yote upepo ulikuwa haupo kabisa, na majani ya tawi yalitikisika. Hilo wameliona watu tisa.

Ukapanda nyuma na tawi, kiti cha mbele tukakiacha wazi, ni chake. Mimi naendesha, wewe huruhusiwi kuniambia neno. Uliiona taa, najua uliiona, nilikutazama kwenye kioo. Iliwaka pale kwenye mti ikakaa imewaka mlima mzima, nyekundu, imetulia, na balbu ikiwa mfukoni mwako. Ilizima getini. Ulikuwa unalia na tawi umelikumbatia kama mtoto, miiba ikikuchoma mikono, na mimi kwa mara ya kwanza tangu Julai nilikuonea huruma.

Mbuzi alikula majani yote mpaka akatafuna kijiti.

Tangu hapo nashuka kila siku. Breki zinashika vizuri. Kwenye kona hakuna kitu, giza tu pale pa taa. Thandekile anashangaa kwa nini natokwa na machozi mahali ambapo zamani nilikuwa nakunja uso. Nilikuwa nimemzoea, Baba Mdogo. Alikuwa ananisindikiza, na sasa yuko nyumbani ambako ndiko anakotakiwa, na gari limekuwa gari.

Wakati unaondoka uliiacha balbu kwenye meza ya mama, juu ya kile kikopo. Nilijua unataka nini. Jumatatu nilimpelekea Gwala, akaishika kwenye betri kwa nyaya mbili.

Iliwaka. Ni nzima kabisa, haijawahi kuungua. Nimewaza wiki mbili kama nikufiche, mama akasema, "Mwambie. Kwenye familia hii tumeshafichana vya kutosha." Basi nimekuambia.

Gwala ameirudisha kwenye tundu lake. Asubuhi nazungusha ufunguo nusu, inawaka pamoja na zile nyingine mbili. Namsalimia baba, nangoja izime, ndipo naondoka. Njoo Krismasi, breki za nyuma hukuzigusa hata mwaka jana.

Mwanao,
Zibuyile